Kabureta mbili kwenye Mini: nafasi imeniishia nyuma ya injini, naombeni maarifa

#1 Vipande1275

Wakuu salaam. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo maji yamenifika shingoni nimeona nifungue uzi.

Nina Mini ya zamani, usukani kulia, injini ya cc 1275. Ilikuja na kabureta moja ya SU, aina ya HS4. Karibu mwaka mzima nimekuwa nakusanya vifaa kimoja kimoja: jozi ya kabureta ndogo za SU HS2, manifoldi (bomba la kupeleka hewa na petroli kwenye injini) ya alumini ya aina ya Mini Cooper S, fimbo za kuunganisha, na ekzosi ya mabomba matatu. Jumamosi nikasema leo ndiyo leo, zinaingia.

Kwa ambaye hajawahi kuchungulia nyuma ya injini ya Mini: injini imekaa mkingamo, na kabureta ziko upande wa nyuma, midomo yake inautazama ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Katikati ya ukuta huo ndipo kilipo kipimamwendo. Upande wa kulia zimesimama silinda kuu mbili, ya breki na ya klachi. Hapo katikati inapita mipira ya hita, kebo ya choki na kebo ya mafuta. Na chini ya yote hayo, ekzosi. Kabureta moja ilikuwa inakaa kama mfalme. Mbili zimekaa kama abiria wa siti ya nyuma.

Hali ilivyo:

Nati ya chini ya kabureta ya kulia sijaifikia kwa spana yoyote niliyonayo. Nimejaribu ya mdomo wazi, ya duara, soketi yenye kiungo cha kukunja. Vidole viwili vinafika, spana haifiki.

Filta nilizonazo ni zile za duara, unene milimita 45. Nikizifunga, ya kushoto inabaki na milimita 15 kutoka ukutani. Ya kulia ina nafuu kidogo.

Nati moja imenidondoka ikaingia kusikojulikana. Nimeipigia tochi na sumaku, haionekani.

Rafiki yangu yuko hapa na grainda mkononi, anasema tukate ukuta tumalize kazi. Nimemnyang'anya kwanza. Nyie mnasemaje?

#2 Kasi_Tupu

Mkuu unajitesa bure. Kabureta moja kubwa ya SU HIF44, manifoldi moja, nati chache, umemaliza kabla jua halijawa kali. Kabureta mbili ni urembo wa kufungulia boneti mbele za watu.

#3 Mpita_Njia

Navuta kiti. Usiache kutuletea mrejesho.

#4 BintiSpana

Kwa hesabu Kasi_Tupu hajakosea. HS2 ina mdomo wa inchi 1¼, yaani milimita 31.75. Piga eneo la duara, unapata kama milimita za mraba 792, kwa mbili 1,583. HIF44 ina milimita 44.45, eneo lake 1,552. Kwa hiyo tundu la hewa ni karibu lile lile. Anayekuambia mbili zinaingiza hewa maradufu hajashika kalamu.

Ila kuna jambo ambalo hesabu hiyo haisemi. Kichwa cha injini hii kina matundu mawili tu ya kuingizia, kila moja linagawiwa silinda mbili. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fuatilia sasa: silinda 2 inavuta, mara inafuata 1, kupitia tundu lile lile. Halafu tundu hilo linanyamaza wakati 3 na 4 zinavuta upande wa pili. Kila kabureta inapiga mafunda mawili mfululizo kisha inapumzika. Ndiyo maana manifoldi ya kabureta mbili ina bomba la kusawazisha katikati, ili anayevuta aazime hewa kwa aliyepumzika. Vipande, hakikisha la kwako halijazibwa. Nimeshakutana na moja limejaa masizi hadi nikaliingiza drili.

Kama mtu anataka mbili, aweke mbili. Si kila kitu ni hesabu.

#5 Vipande1275

Asante dada. Nimelichungulia bomba, liko wazi. Hesabu nimeikubali, ila moyo umeshaamua. Mini Cooper ya 1961 ilitoka na HS2 mbili kwenye injini ya cc 997, na mimi tangu nianze kuyapenda magari haya picha niliyonayo kichwani ni ile.

#6 MzeeGasketi

Vijana, hamjambo. Mwambie huyo mwenye grainda aiweke chini, tena aichomoe kwenye umeme.

Nianze na kwa nini ni finyu, maana ukijua sababu hutakasirika sana. Magari ya majaribio ya Mini, kabla haijatoka mwaka 1959, kabureta yake ilikuwa mbele, upande wa grili. Kwenye baridi ikawa inaganda barafu. Ni mojawapo ya mambo yaliyofanya Issigonis, mbunifu wa Mini, na watu wake waigeuze injini nzima, kabureta ikaenda nyuma penye joto, na distribyuta ikaja mbele. Ndiyo maana mpaka leo Mini ikipita kwenye dimbwi inazima: distribyuta inanyeshewa kupitia grili. Kwa hiyo hapo nyuma palitengwa kwa HS2 moja ya injini ya cc 848. Kila kilichokuja baadaye kimejibana.

Sasa kazi. Wewe umepima milimita 15 injini ikiwa imezima. Hicho kipimo hakina maana. Injini ya Mini imekalia mipira miwili chini, pembeni mwa gia, na juu inashikiliwa na fimbo moja tu kutoka upande wa klachi hadi ukutani, ina bushi za mpira kila mwisho. Ukikanyaga mafuta ukiwa na gia ya mbele, kichwa cha injini kinarudi nyuma, yaani kinaelekea ukutani pamoja na kabureta zako. Ukiachia, kinarudi mbele. Bushi zikiwa zimekufa kinacheza kama mlango usio na komeo. Nafasi unayotakiwa kuijua ni ile inayobaki injini ikiwa imeegemea nyuma kabisa.

Fanya hivi. Tafuta udongo laini wa kuchezea watoto. Finyanga donge nene kuliko hiyo nafasi, libandike ukutani mbele ya filta, paka mafuta kidogo juu lisigande kwenye filta. Ziba magurudumu kwa matofali mbele na nyuma, vuta hendibreki. Washa, ingiza gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka uone injini imeegemea, kisha ikanyage tena. Mara tatu zatosha. Asisimame mtu mbele ya gari. Zima, toa donge, likate kwa kisu katikati upime unene uliobaki. Donge halidanganyi.

Kuhusu nati isiyofikika: kila fundi wa Mini ana spana moja ya nusu inchi ambayo ameikata shingo na kuipinda kwa moto. Yangu nimeichonga nikiwa kijana na bado ninayo. Usiinunue, itengeneze kutokana na spana ya bei nafuu, maana kila mkono una upindo wake.

Halafu, umezifunga moja moja? Ndiyo maana unateseka. Fimbo za kuunganisha haziingii kabureta zikishafungwa. Zipange kwanza mezani juu ya manifoldi: fimbo ya mafuta, fimbo ya choki, springi, mpira wa petroli unaounganisha chemba mbili za boya (vikombe vya petroli vya kabureta). Hakikisha zinafunguka na kufunga bila kukwama. Kisha zitoe, funga manifoldi kwenye injini, halafu ziingize kabureta zote mbili kwa pamoja kama mapacha walioshikana mikono. Nati ya chini ya kulia ndiyo ya kwanza, siyo ya mwisho.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linalowauma wengi. Manifoldi ya kuingizia na ekzosi zinashikwa na nati zile zile, kwa washa pana inayokanyaga flanji zote mbili. Pima unene wa flanji hizo kwa kalipa kabla hujafunga. Zikitofautiana, washa inalala upande, na iliyo nyembamba inavuta hewa ya wizi. Utahangaika na sindano na jeti, vinavyopima petroli ndani ya kabureta, mwezi mzima kumbe ugonjwa uko kwenye washa.

#7 Kasi_Tupu

Mzee shikamoo. Lakini watu wanakata ukuta kila siku, nimeona kwa macho yangu.

#8 MzeeGasketi

Marahaba. Umeona wanaoweka kabureta ya Weber 45 DCOE. Ile ni ndefu, inatoka nyuma hadi mahali pa kipimamwendo, kwa hiyo wanatoboa na kuchomea kiboksi. Gari la mashindano, sawa. Kwa HS2 mbili hakuna sababu, zilitoka kiwandani zikakaa hapo hapo bila kukatwa kitu.

#9 Vipande1275

Mrejesho wa kwanza.

Donge la udongo limenitia aibu. Milimita 15 zangu zimebaki 2. Mbili! Kwenye donge kuna alama ya wavu wa filta imejichora vizuri kabisa, unaweza kuhesabu vitundu. Kama ningeenda barabarani vile vile, filta ingekuwa inabisha hodi kwenye dashibodi kila nikibadili gia.

Nikashika fimbo ya injini kwa mkono nikaitikisa, nikaona inacheza bila hata injini kuwaka. Bushi zimetoka kama tambi. Nimeweka mpya za mpira mgumu, donge la pili limebaki milimita 9.

Halafu nikagundua kitu ambacho nilikuwa nakitazama kila siku bila kukiona: ule mkeka mnene wa kuzuia kelele uliobandikwa ukutani. Una karibu milimita 10 peke yake! Nimechora duara mbili mbele ya filta, nimekata mkeka tu, chuma sijakigusa. Donge la tatu: 18. Rafiki yangu ameondoka na grainda yake amenuna.

#10 TopeNyekundu

Huo udongo ulimnyang'anya nani?

#11 Vipande1275

Mwenyewe alikuwa amelala. Nimerudisha, lakini una harufu ya petroli na kesi bado inaendelea.

#12 Mpita_Njia

😂😂 Endelea mkuu.

#13 Vipande1275

Flanji: Mzee alijua. Ya ekzosi ilikuwa nene kuliko ya manifoldi kwa milimita 1.1. Nimeipeleka kwa mtu mwenye mashine akaipunguza, sasa ziko sawa. Nati nimezikaza pauni-futi 15, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Spana nimeikata na kuipinda. Ya kwanza nilipinda upande usio wake. Ya pili ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli, inazungusha nusu ya upande mmoja wa nati kwa kila mvuto, lakini inazungusha. Dakika 25 kwa nati moja. Kidole cha shahada hakina ngozi.

Zimewaka! Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haijatulia bado ila zimewaka. Sauti ya kuvuta hewa ni nyingine kabisa, mbili zinafoka kwa pamoja.

Sasa tatizo jipya. Barabarani gari linapanda vizuri mpaka kama mizunguko 3,000, halafu linakaba. Ukilazimisha linakohoa. Nimetoa plagi: 1 na 2 rangi ya kahawia nzuri, 3 na 4 zimejaa masizi meusi. 3 na 4 ni za kabureta ya kulia. Nimebadilisha plagi, vile vile.

#14 Kasi_Tupu

Nilisema. Filta ziko karibu mno na ukuta, kabureta inakosa pumzi. Kata ukuta.

#15 TopeNyekundu

Sindano ya kulia si sawa na ya kushoto. Ukinunua kabureta zilizotumika lazima usome alama kwenye shingo ya sindano.

#16 Vipande1275

Sindano nimesoma, zote ni M, ndiyo ya kawaida ya Cooper S 1275. Springi za pistoni zote nyekundu. Oli ya juu nimeweka SAE 20 kote. Nimefanya jaribio la kuinua pistoni na kuiachia, zote zinaanguka sawa na mlio wa "tiki" wa chuma unasikika kote kuwili.

Kuna kitu kinanichanganya. Nikivua filta zote mbili na kumwambia mtu akanyage mafuta, naziona pistoni zinapanda pamoja kama zimefungwa kamba. Nikaenda barabarani bila filta, mwendo mfupi tu, gari likapaa. Nikirudisha filta, ugonjwa unarudi. Kwa hiyo labda Kasi_Tupu yuko sahihi, ni ukuta?

#17 MzeeGasketi

Ukuta hapana. Ya kushoto ndiyo iliyo karibu zaidi na ukuta kwa maneno yako mwenyewe, mbona haikabi? Ugonjwa wa ukuta ungeanza kushoto.

#18 BintiSpana

Mzee kamaliza nusu ya kazi, niimalizie mimi. Vipande, vua filta ya kulia. Tazama uso wa kabureta pale filta inapokaa. Juu ya mdomo mkubwa kuna vitundu viwili vidogo. Sasa tazama gasketi ya karatasi iliyokuwa katikati. Ina vitundu vinavyolingana navyo, au umeigeuza juu chini?

Nieleze kwa nini nauliza. Kabureta ya SU haina ujanja mwingi. Ndani ya ile kofia ya juu mna pistoni. Juu ya pistoni mnapelekewa mvuto wa injini, chini yake mnaingia hewa ya kawaida ya nje, na tofauti ya pande hizo mbili ndiyo inayoinua pistoni. Hewa hiyo ya chini inaingilia kwenye vile vitundu viwili. Ukivizibia kwa gasketi au kwa bamba la filta, pistoni inabaki na mvuto juu lakini chini hakuna wa kuisukuma. Inapanda kwa uvivu, nusu njia. Injini inataka hewa haipati, mvuto kwenye jeti unazidi, petroli inamwagika nyingi kuliko hewa. Masizi meusi, gari linakaba. Ukivua filta, vitundu vinapumua, ugonjwa unapotea. Ni kama hiyo hadithi yako neno kwa neno.

#19 Vipande1275

...

Juu chini. Ya kulia. Niliifunga gizani kwa kupapasa kwa sababu ya silinda kuu za breki, sikuona ninachofunga.

Nimeigeuza. Gari linavuta mpaka mwisho. Dada, sina neno.

#20 Kasi_Tupu

Mimi nimeingia kusoma tu 🚶

#21 BintiSpana

Usinishukuru, hiyo gasketi ilishanilaza gereji mpaka alfajiri miaka ya nyuma, na nilikuwa nimeshabadilisha sindano mara mbili.

Sasa zisawazishe, maana kabureta mbili zisizopatana ni afadhali moja. Kabla ya kuzigusa hakikisha vingine viko sawa: mwanya wa valvu inchi 0.012, wa pointi za distribyuta inchi 0.015, taimingi ipo mahali pake. Kama hivyo vimekosea, utakuwa unaadhibu kabureta kwa kosa la mwingine.

Injini ipate moto kamili. Filta nje. Legeza boliti za vibano kwenye fimbo ya mafuta ili kila kabureta ijitegemee. Legeza na za choki. Kisha chukua mpira mwembamba kama wa kutolea mafuta kwenye tangi, upande mmoja sikioni, upande wa pili kwenye mdomo wa kabureta, kila mara mahali pale pale. Sikiliza mluzi. Nenda ya pili. Rekebisha skrubu za sailensa mpaka miluzi ifanane. Kuna kipimo cha hewa cha kununua, kizuri, lakini kwenye Mini hakiingii kirahisi mbele ya ukuta. Mpira unaingia popote.

Hewa ikishafanana ndipo uende kwenye petroli. Nati ya jeti, ile ya chini yenye pande sita. Anza kwa kuzipandisha zote juu hadi mwisho, kisha uziteremshe mizunguko miwili kamili, yaani pande 12. Washa. Chini ya kofia kuna kipini kidogo cha kuinulia pistoni. Kiinue kidogo tu, kama unene wa kucha. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli ni nyingi, pandisha nati upande mmoja. Ikitaka kuzima, petroli ni haba, teremsha. Ikiongeza kidogo kisha ikarudi kutulia, hapo hapo. Nenda ya pili, halafu rudi ya kwanza, maana ukigusa moja unaibadilisha na mwenzake. Mimi hurudia mara tatu, nne. Usiwe na haraka, na usiiruhusu injini ichemke hapo ilipo. Ikikaa sana, ipeleke kidogo barabarani.

Mwisho kaza vibano vya fimbo. Hapa watu huharibu kazi yote. Fimbo ya mafuta iwe na uchezaji kidogo sana kabla haijaanza kufungua, tumia fila geji (kibamba cha kupimia mwanya) ya inchi 0.012. Ukiikaza bila uchezaji, inazishikilia kabureta zikiwa wazi kidogo na sailensa yako itapanda kila injini inapopata joto. Na uchezaji uwe sawa kote, ili zifunguke kwa pamoja.

#22 MzeeGasketi

Nakazia hapo kwenye vibano. Na ukimaliza, asubuhi ya pili zisikilize tena zikiwa zimepoa na kupata moto upya.

#23 TopeNyekundu

Swali kidogo la pembeni: kofia za pistoni zinaweza kubadilishana? Nina moja imebonyea.

#24 BintiSpana

Hapana. Kofia na pistoni yake vimetengenezwa vikiwa jozi. Ukizisafisha zote mbili mezani, weka alama kabla hujachanganya. Na sindano za zamani zile zisizo na springi zinataka jeti iwekwe katikati kwa mkono, zenye springi zinajitafutia zenyewe.

#25 Vipande1275

Nimetumia karibu mchana wote na mpira sikioni, jirani akaja kuuliza kama gari lina mapigo ya moyo. Matokeo: kushoto pande 13, kulia pande 11. Sailensa imetulia, glasi ya maji juu ya kava la valvu inatikisika lakini haimwagiki.

Limebaki moja. Nikizima gari likiwa na moto, baada ya dakika kama tano nasikia harufu ya petroli, na ukiwasha tena linasumbua. Chini ya kabureta pana unyevu. Petroli na ekzosi iko pale pale chini, hapo silali.

#26 MzeeGasketi

Na usilale. Usiliwashe tena mpaka ujue. Weka kizima moto karibu wakati unatafuta.

Mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Pampu. Ni ipi? Kabureta za SU hazitaki msukumo mkubwa, pauni 2 na nusu hadi 3 kwa inchi ya mraba ndiyo mwisho. Pampu nyingi za umeme zinazouzwa kwa ajili ya magari mengine zinasukuma zaidi, na sindano ya boya haiwezi kuzuia. Petroli inafurika kimya kimya.

Pembe ya chemba ya boya. Chemba lazima isimame wima ukiitazama kutoka pembeni. Kiungo cha mpira kati ya chemba na mwili wa kabureta kina nyuzi zake zimechorwa juu yake, kwa sababu manifoldi za magari mbalimbali zina mlalo tofauti. Kabureta zilizotoka kwenye gari jingine, tuseme MG Midget, ukizileta kwenye Mini bila kubadili kiungo, chemba inalala, boya linafunga kwa kuchelewa.

Joto. Kati ya manifoldi na kabureta pana vizuizi vinene vya kuzuia joto, na bamba la kukinga. Kama uliviacha ili upate nafasi, vitafute uvirudishe. Kwenye nafasi finyu watu huanza kutoa hivyo, na hivyo ndivyo ambavyo havitolewi.

Halafu mirija ya kumwagia ya chemba, iteremshe hadi chini kabisa kupita ekzosi. Isiishie juu yake.

#27 Vipande1275

Vizuizi na bamba vipo, sikuvigusa. Chemba nimeweka mraba wa seremala, ziko wima. Pampu... ni ya umeme, aliyeniuzia aliniambia ni ya kufaa kila gari. Nimeazima geji: pauni 5.

#28 TopeNyekundu

"Ya kufaa kila gari" 😂

#29 MzeeGasketi

Basi umeshajua.

#30 Vipande1275

Mrejesho wa mwisho, natumaini.

Nimeweka regyuleta ya petroli, ya kupunguza msukumo, nimeushusha hadi pauni 2.5. Nimeifunga mbali na ekzosi, upande wa ndani wa madigadi, penye baridi. Mirija ya chemba nimeipeleka chini na kuifunga kwa vibano. Nimeendesha, nimezima, nimesubiri dakika kumi nikiwa nimeinamia boneti kama mganga. Kukavu. Limewaka kwa mguso mmoja.

Leo nimelipeleka mlima mrefu kwa gia ya tatu. Zamani na HS4 nilikuwa nabadili kwenda ya pili kabla ya kona ya juu. Leo sikubadili. Sitawaambia nimeongeza farasi wangapi kwa sababu sijapima, ila kona nimeiona inakuja mapema kuliko nilivyoizoea na nikaogopa kidogo.

Filta hazijagusa ukuta. Nilibandika donge tena kabla ya kupanda mlima, limebaki 17.

#31 Kasi_Tupu

Hongera mkuu, kwa roho safi kabisa. Hiyo HS4 uliyotoa unaiuza?

#32 BintiSpana

😂 Na manifoldi yake?

#33 Vipande1275

Siuzi, huwezi jua.

Nimesahau kuwaambia, ile nati ya siku ya kwanza nimeipata. Nilipokuwa nakata mkeka ikadondoka kutoka nyuma yake, pamoja na nyingine. Moja ni yangu, bado inang'aa. Ya pili ina kutu nzito na siyo saizi ya kitu chochote kwenye gari hili.